Nakala Iliyokuwa Malishoni Garbatulla

Kila Ijumaa asubuhi nilibandika karatasi kwenye mlango wa saiba yangu hapa Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, chumba kimoja chenye kompyuta sita, printa moja na feni isiyozunguka. Juu ya karatasi niliandika kwa herufi kubwa: HABARI NA VIDOKEZO VYA PROGRAMU HURIA. Chini zilifuata habari, halafu vidokezo. Nimefanya hivyo miaka saba. Kwa muda mrefu niliamini karatasi hiyo ina msomaji mmoja tu, naye ni baba yangu, tena alikuwa akiisoma kwa sababu kiti chake cha plastiki kilielekea upande huo.

Habari zenyewe zilikuwa za namna hii: "Toleo jipya la programu ya kuandikia limetoka. Linafunguka haraka kidogo." Au: "Programu ya kuchorea imepata brashi mpya." Watu wa Bulla Pesa walizipokea kwa utulivu. Muuza miraa wa jirani aliniuliza mara moja kama lile toleo la zamani limekufa. Nikamwambia halijafa. Akasema basi hiyo si habari.

Sikuingia kwenye programu huria kwa sababu ya imani. Niliingia kwa hasira. Kompyuta zangu nilizinunua zikiwa zimetumika, na zilikuja na ule mfumo ambao kila mtu anaujua, ila wa kunakiliwa vichochoroni. Kila saa uliniandikia kwenye kioo kwamba nakala yangu si halali. Ilikuwa kweli. Lakini mimi si mtu wa kuambiwa ukweli kila saa mbele ya wateja. Nikapakua Linux, mfumo huria, nikaiweka kwenye kompyuta zote sita, na tangu hapo hakuna kompyuta iliyonisema.

Shida ilikuwa neno "bure". Isiolo tumezoea vitu vya bure. Huja kwa gari jeupe la msaada, unapewa maharagwe, kisha unapigwa picha ukiwa umeyashika. Mteja akiuliza bei ya programu nikamwambia ni bure, aligeuka kutazama kamera iko wapi. Nilieleza kwa subira, na subira sina nyingi, kwamba programu hizi unaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua uone zilivyotengenezwa, kuzibadilisha upendavyo, na kumpa mwenzako.

"Na mwenyewe hakasiriki?" aliuliza mama mmoja aliyekuja kuchapisha barua.

"Hakasiriki."

"Basi hajaambiwa," akasema, akalipia barua yake.

Vidokezo vilikuwa vifupi. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Usichomoe flashi kabla kompyuta haijakuruhusu. Kabla ya kugusa maandishi ya mtu mwingine, washa kurekodi mabadiliko, ili ulichoongeza kionekane kwa rangi na mwenyewe aamue kukubali au kukataa. Na kile nilichokirudia kuliko vyote: weka nakala mahali pawili.

Hicho cha mwisho hakuna aliyekijali mpaka siku alipokuja mfugaji mmoja kutoka Kulamawe na flashi iliyokanyagwa na punda. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wote, na hakuwa na nakala nyingine popote. Nilichoka. Nikamuuliza, "Ng'ombe zako zote unaweka boma moja?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana akili timamu. Wafugaji wa Kiborana wana desturi yao wanayoiita dabare. Unampa rafiki wa mbali ng'ombe wako mmoja au wawili akuchungie. Ukame ukiwamaliza walio kwako, wale wa kule wapo. Anayechunga anakunywa maziwa, hiyo ni haki yake. Ng'ombe anabaki wako, na ndama wake pia. Na humdai ovyo. Kumwendea mtu na kumwambia nipe ng'ombe wangu, kama unavyodai chenji dukani, ni kuvunja urafiki mbele ya watu.

"Sasa faili ni ng'ombe," nikamwambia. Alielewa papo hapo, akanunua flashi mbili. Baba alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza.

Sisi wenyewe si wafugaji. Babu yangu aliletwa Isiolo akiwa askari wa mkoloni, na vita vilipokwisha akaachwa hapa na koti la jeshi na watoto. Watoto wakawa wafanyabiashara na watu wa malori. Baba hakuwahi kufuga hata kuku. Aliendesha lori maisha yake yote, akienda Garbatulla na sukari na unga, akirudi na mafahali wa watu.

Miaka mitatu iliyopita nikaanza kuona maneno yakimpotea. Mwanzoni yalikuwa majina ya wajukuu, na hayo hata mimi hunichanganya. Kisha siku moja akaniuliza mama yako anarudi saa ngapi sokoni, na mama tulikuwa tumemzika miaka mitano kabla. Niliogopa sana. Nikamwambia, "Aabo, tuandike." Aabo ndiyo baba kwa Kisomali, lugha ambayo nyumbani kwetu imebaki na maneno ya kuitana na ya kugombana.

Basi kila asubuhi kabla wateja hawajaja yeye alisema, mimi nikapiga chapa. Tulikiita kitabu. Nilitarajia habari za maisha yake, na kwa namna yake ndizo alizonipa, ila zote zilipita chini ya lori. Kila mwaka ulikuwa na uharibifu wake, na kila uharibifu ulikuwa na kifaa chake: propela iliyokatika karibu na Kulamawe, injekta zilizoziba, gia ya tatu iliyokataa kuingia, boliti za gurudumu la nyuma. Watu walioa, watu walikufa, serikali zilibadilika, na yote yalitokea karibu na boliti fulani.

Mahali pamoja tu kifaa hakikutajwa. Alikuwa amefika siku niliyozaliwa mimi. "Gari iliharibika Garbatulla," akasema. "Nilichelewa siku tatu."

Nikangoja, vidole vikiwa juu ya vitufe.

"Nini kiliharibika, Aabo?"

"Andika tu."

Nikaandika. Lakini jambo hilo lilikuwa limeniuma tangu utotoni. Mama alinizaa akiwa na jirani tu, na kila nilipouliza alinijibu, "Baba yako alikuwa na gari." Nilikua nikijua kwamba kati yangu mimi binti yake na lori, mimi ni wa pili. Nililichukia lori hilo kwa rangi yake na kwa namba yake.

Kitabu kilifika kurasa mia moja na kumi na nne. Tulipomaliza baba aliniomba flashi. "Nitilie kitabu," akasema. Nikamtilia, nikidhani anataka kutembea nacho mfukoni kama watu wanavyotembea na kitambulisho. Sikuuliza tena. Baada ya hapo hali ikazidi. Sentensi zilimkatikia katikati, na mwaka uliofuata hakuweza tena kunisimulia hata ukurasa mmoja. Baba yangu yule aliyekuwa akijua kila kona ya barabara alikuwa sasa kwenye faili moja, kwenye kompyuta yangu ya kaunta.

Moja. Mimi niliyebandika mlangoni "weka nakala mahali pawili" mpaka gundi ikaacha alama. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Nilijikata hivi. Toleo jipya la Linux lilikuwa limetoka, na mimi sipendi kuandika habari za kitu nisichokijaribu. Nikaanza kuliweka kwenye kompyuta ya kaunta. Wakati huohuo akaingia bwana mmoja aliyedai picha ya paspoti niliyompiga imemzeesha. Mimi mtu akiniambia neno humjibu. Nikawa namjibu. Programu ikaniuliza kama nataka mfumo mpya ukae kando ya ule wa zamani, au ifute diski yote. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanyia wateja wengi ambao hawakuwa na cha kuokoa, na mkono wangu ulijua njia yenyewe. Ikaniuliza kama nina uhakika. Wakati huo nilikuwa na uhakika kwamba picha inafanana na yule bwana kabisa. Nikabofya. Ikaniuliza mara ya pili. Nikabofya mara ya pili. Siwezi kuilaumu, ilikuwa na adabu kuliko mimi.

Nilitambua baada ya dakika kumi, nilipotafuta kitabu nikaona mfumo mpya, safi, mzuri, usio na chochote. Nilikaa sakafuni nikalia. Yule bwana alidhani nalia kwa sababu yake, akasema picha si mbaya sana, akaichukua.

Kuna programu huria ya kufufua faili zilizofutwa. Niliwahi kuisifu mlangoni. Niliiacha ifanye kazi siku mbili mfululizo, duka limefungwa, baba yuko nje kwenye kiti akiwaambia wateja nimesafiri. Ilinirudishia nusu nyuso za watu wa Bulla Pesa, barua za kuomba kazi zilizoanzia katikati, na kadi ya harusi isiyo na bwana harusi. Kitabu hakikuwemo.

Ndipo nikakumbuka flashi. Nilipekua makoti ya baba yote, hata lile la babu. Hapakuwa na kitu. Nikatoka nje nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Aabo, ile flashi ya kitabu iko wapi?"

"Garbatulla," akasema bila kufikiri.

"Kwa nani?"

Hapo alifikiri. "Kwa yule mwenye ng'ombe."

Garbatulla kila mtu ndiye yule mwenye ng'ombe. Lakini baba alikuwa na rafiki mmoja tu huko, mzee wa Kiborana ambaye alimsafirishia mifugo tangu wote wawili wakiwa vijana. Alipokuja mjini mara ya mwisho alikaa na baba mlangoni tangu asubuhi mpaka alasiri, wakinyamaza pamoja.

"Ulimpa flashi?"

"Nilimpa achunge." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye ninayesahau. "Si wewe ndio ulisema?"

Siku ya pili yake nilimwacha baba kwa dada yangu, nikapanda lori la unga lililokuwa likienda Garbatulla. Barabara hiyo sikuwa nimeipita tangu utoto, lakini niliijua kutoka kwenye kitabu. Hapa propela ilikatika. Pale alilala siku mbili akingoja injekta. Dereva aliniuliza kama ninamtafuta mtu huko nje, maana niligandamana na dirisha. Nikamwambia namtafuta baba yangu. Akasema pole, tutamwona mbele.

Mzee nilimkuta kwenye boma lake nje ya mji, ameketi kivulini anakata kamba ya ngozi. Nilikuwa nimebeba sukari, majani ya chai na shuka mpya. Njia nzima nilijikumbusha jambo moja: usidai. Ulimi wangu haujazoea kungoja, na nilikuwa nimeushika kama mtu anavyoshika mbuzi wa watu.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam, mtoto yangu. Watu ni wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Mvua je?"

"Kidogo."

"Mifugo?"

Nilisema kompyuta zote ni nzima. Ilikuwa uongo, lakini salamu si mahali pa kuanza malalamiko.

Tukanywa chai ya maziwa. Tukanywa nyingine. Akaniuliza hali ya baba, nikamweleza yote, jinsi majina yalivyoondoka, jinsi anavyomtafuta mama. Mzee aliacha kukata kamba.

"Mimi anakumbuka?"

"Anasema wewe ni yule mwenye ng'ombe."

Akafikiri kidogo, uso ukamlegea. "Basi anakumbuka," akasema.

Kikombe cha tatu kilipofika mwisho ndipo alipolitaja mwenyewe. "Kitu ya baba yako iko," akasema. "Haijakonda."

Nilishukuru Mungu kwa sauti mpaka mbuzi wakageuka. Mzee akanyoosha kidole kuonyesha kwamba hajamaliza.

"Imezaa," akasema.

Akamwita binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi pale. Akaja na laptopu chini ya mkono, na ile laptopu niliifahamu kabla ya kumfahamu mwenyewe, kwa sababu kifuniko chake kilishikwa kwa gundi yangu. Miaka miwili nyuma alinijia dukani nikamwekea Linux. Nilikumbuka kwamba siku hiyo alisimama muda mrefu mbele ya mlango wangu, nami nilidhani anakimbia jua. Kumbe alikuwa anasoma karatasi. Miaka yote hiyo nilikuwa na wasomaji wawili.

Akachomeka flashi, faili ikafunguka mara moja, kwa kuwa programu yake na yangu ni ile ile. Nikaona maneno ya baba, meusi, kama nilivyoyaandika. Katikati yake, ukurasa baada ya ukurasa, nikaona maandishi ya kijani.

"Hii kijani ni nini?" nikauliza, ingawa nilijua vizuri ni nini. Mimi ndiye niliyeifundisha wilaya nzima.

"Nilikuwa ninamsomea baba yangu jioni baada ya shule," akasema binti. "Yeye akisikia kitu, anasema simama, andika hivi. Nilifuata kidokezo chako. Nilirekodi mabadiliko yote. Hakuna neno la mzee wako limefutwa."

Hapo ulimi ukaniponyoka. Niliuliza nani aliwapa ruhusa ya kugusa kitabu cha baba yangu. Nilisema mtu hawezi kuandika ndani ya maisha ya mtu mwingine. Nilisema mengi, na mengine nilisema nimesimama. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mtu ambaye gari lake limezama kwenye tope.

"Mtoto yangu, maziwa ni ya nani?" akauliza.

"Ya anayechunga."

"Na hiyo kompyuta yako. Si baba yako aliniambia wewe unasema mtu akipewa, anaweza kufungua, anaweza kuongeza, anaweza kupatia mwingine?"

"Hiyo ni programu, Mzee. Hiki ni kitabu cha baba."

"Tofauti ni gani?"

Miaka saba nilikuwa nimewaeleza watu uhuru wa kufungua na kubadilisha. Nina majibu ya kila swali, hata swali la mama yule wa barua.  Nikakaa. Binti akanisogezea laptopu, akaninong'oneza kwamba kuna kitufe cha kukataa mabadiliko yote kwa mara moja. Nikamwambia najua kilipo.

Sikukibonyeza. Nilianza kusoma, nikiwa bado nimenuna.

Baba alikuwa amesema kwamba safari moja alibeba mafahali arobaini. Kijani kilisema: "Ishirini na sita. Arobaini haiwezi kuingia." Baba alikuwa amesema kwamba aliwahi kumfukuza simba kwa mpini wa jeki. Kijani kilisema: "Ilikuwa fisi. Na ilikuwa imekufa." Baba alikuwa amesema kwamba hakuwahi kuogopa barabara. Kijani hapo hakikusema kitu, ila kiliweka alama ya kuuliza. Nilijikuta nacheka, na mzee aliposikia nacheka akarudia kukata kamba yake.

Kisha nikafika kwenye siku niliyozaliwa. Maneno meusi yalikuwa mafupi kama nilivyoyaacha. "Gari iliharibika Garbatulla. Nilichelewa siku tatu." Chini yake palikuwa na kijani kirefu kuliko kote, nami nakinakili hapa kilivyo:

"Gari haikuharibika. Ilikuwa mzima, imesimama mbele ya boma yetu siku tatu. Mke wake alikuwa amezaa mbili kabla ya huyu na zote zilikufa, na yeye mwenyewe ndio alichimba hizo kaburi. Alisema akifika nyumbani akute ya tatu, hatajua aangalie mke wake namna gani. Alikaa chini ya gari. Tulimpelekea chai huko chini, alikunywa huko. Kila gari ikitoka Isiolo alinituma mimi niulize, yeye hakutaka kuuliza. Siku ya tatu dereva moja akasema ni msichana, yuko hai, na analia sana mpaka majirani wanalalamika. Akaondoka wakati huo huo. Hakunywa chai. Alisahau jeki chini ya mti. Iko."

Nilisoma mara tatu. Makaburi mawili niliyajua; tulikuwa tukipita karibu nayo kila Idi na mama aliyataja kwa neno moja, haraka, kama mtu anayefunga mlango. Nani aliyachimba sikuwahi kuuliza. Na miaka yote hiyo nilimchukia baba kwa ajili ya lori ambalo halikuwa limeharibika.

Nililia tena, mara ya pili mwezi huo, na mimi si mtu wa kulia. Mzee aliweka kamba yake chini. Aliondoka, akaingia nyuma ya boma, akarudi na jeki. Ilikuwa na kutu, lakini mpini wake ulikuwa umepakwa mafuta. Mtu alikuwa akiupaka mafuta miaka yote ya umri wangu.

"Peleka," akasema. "Yeye hajawahi kuja kuidai, na mimi siwezi kumpelekea. Ingekuwa kumwambia najua."

Faili niliinakili kwenye flashi yangu, na ile ya baba nikamrudishia mzee. Alishangaa kidogo. Nikamweleza kwamba mimi naondoka nayo na yeye anabaki nayo, yote nzima. Aliitazama ile flashi kiganjani, akalitazama zizi lake.

"Hiyo ni mnyama mzuri sana," akasema.

Nilirudi Isiolo siku iliyofuata. Ijumaa asubuhi nilifungua duka, nikaweka kitabu kwenye kompyuta ya kaunta, kisha kwenye kompyuta ya pili, kisha nikatoka nje na laptopu na stuli. Baba alikuwa kwenye kiti chake akiitazama karatasi ya wiki mbili nyuma, kwa kuwa mpya sikuwa nimeandika. Nikaiweka jeki karibu na miguu yake. Hakuuliza ilitoka wapi. Aliinama, akaushika mpini, akauzungusha mara moja, akasikiliza.

"Inataka grisi," akasema.

"Nitaitia. Aabo, nikusomee?"

"Soma."

Nikamsomea mafahali ishirini na sita, akakunja uso. Nikamsomea fisi, akasema watu wa Garbatulla ni waongo. Nikamsomea mistari yake miwili ya siku niliyozaliwa, halafu nikaishia hapo. Ile sehemu ya kijani sikuweza. Haikuwa haki yangu kumwambia kwamba najua, na mzee alikuwa amengoja maisha mazima bila kusema.

"Gari iliharibika," akarudia baba, mkono ukiwa kwenye jeki. "Nilichelewa."

Nikamuuliza lile swali la zamani. Safari hii nililiuliza polepole.

"Nini kiliharibika, Aabo?"

Aliuzungusha mpini tena. Nilidhani jibu limepotea, kama mengine. Muuza miraa akafungua mwavuli wake, mama mmoja akaingia ndani kutafuta mtu wa kumchapishia, akatoka. Baba akaniangalia usoni. Sijui kama alijua mimi ni nani kati ya mabinti zake.

"Dereva," akasema.

Nililiandika neno hilo kwa rangi nyeusi, rangi yake, chini ya kijani cha rafiki yake. Sikubofya kukubali wala kukataa. Nikahifadhi, nikatoa nakala tatu, na moja ikaondoka na lori la mchana kwenda Garbatulla.